Fundi Bethwel na Masafa Mapya

Ukitaka kumpata Bethwel Kipruto, usihangaike kumtafuta chini. Watu wa mtaa wa Rhonda wakiulizwa fundi wa antena yuko wapi huinua videvu kuelekea kwenye mabati, na kweli utamwona huko, juu ya nyumba ya mtu, amevaa kofia yake ya sufu hata jua likiwaka, spana kiunoni, ameshika mlingoti kwa mikono miwili na kuukazia macho kana kwamba umemkosea adabu. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akizungusha antena za watu. Alianzia Gilgil, akahamia Nakuru, na kila alikopita ameacha mabati yaliyobonyea na wateja wanaomwogopa kidogo.

Maana Bethwel si fundi wa kufanya kazi kimya kimya. Ana sheria. Kila kazi inataka watu watatu: mmoja mbele ya televisheni, mmoja mlangoni, na yeye mwenyewe juu. Akiuliza “Imeshika?”, wa mlangoni hulipeleka swali ndani, wa ndani hutazama picha, na jibu hurudi kwa njia ile ile: “Bado!” au “Hapo hapo!” au “Umepita, rudisha kidogo!” Na jibu lisipokuja, sheria ni fupi: kimya ni bado. Watu wakinyamaza, zungusha. Huwaambia wateja maneno haya kwa sauti ya mhubiri, na sijasikia hata mmoja aliyethubutu kumuuliza ameyatoa wapi.

Zamani sheria hizo zilikuwa na maana. Picha ilikuja na vidoa vyeupe kama mvua ya mawe ya Molo. Ukizungusha kidogo vinapungua, ukizidisha vinarudi, na mtu mwenye subira aliweza kumpata msomaji wa habari kipande kipande, kwanza masikio, halafu pua. Bethwel alijua kutumia kifuniko cha sufuria, rimu ya baiskeli, hata sinia ya harusi ya mtu. Siku ya fainali ya mpira alikuwa mkubwa kuliko chifu. Kisha dijitali ikaja, watu wakanunua ving'amuzi, na picha ikawa haina nusu: ama ipo, safi, ama haipo kabisa. Mwenye akili angeona hapo kwamba kazi imebadilika. Bethwel aliona kwamba wananchi wamechezewa.

“Dikoda ni kaboksi tu,” aliwaambia. “Picha inatoka juu.”

Rimoti ndiyo aliichukia zaidi. Miaka kadhaa iliyopita binti yake Chelangat, kabla hajaenda shule ya bweni, alibonyeza kitufe fulani na stesheni zote zikapotea. Bethwel akapanda juu, akazungusha antena kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi, bila faida, na mwishowe binti huyo huyo akabonyeza kitufe kile kile na stesheni zikarudi. Mtu mwingine angejifunza kitu. Yeye alichukua utepe mweusi wa mafundi wa umeme akakifunika kitufe, akaivisha rimoti nailoni, na kuilaza chini ya kitambaa cha kufuma juu ya televisheni. Katika nyumba ile mtu aliruhusiwa kuongeza sauti na kubadilisha stesheni. Mengine yote yalikuwa ya fundi, na fundi mwenyewe hakuyajua.

Mkewe anaitwa Chepchirchir. Anauza sukuma wiki na vitunguu karibu na stendi ya Kaptembwo, na ni mwimbaji. Hilo la pili Bethwel alilijua kama vile wengi wa Rhonda wanavyojua kuwa Mombasa kuna bahari: aliambiwa. Jumapili, wakati kwaya ya akina mama inasimama kanisani, ndiyo siku watu wako nyumbani na wanataka televisheni, kwa hiyo fundi huwa juu ya bati la mtu. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi huko huko kanisani. Nyumbani, Chepchirchir akianza kuimba akiosha vyombo, Bethwel alikuwa anaongeza sauti ya habari. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa tu hajawahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kusikiliza.

Mwezi uliopita watu wa televisheni walikuja kurekodi kwaya. Kilikuwa kituo kidogo, cha nyimbo na mahubiri, kisicho na mazoea ya kurudia vipindi wala kuviweka mtandaoni, kikipita kimepita. Mwalimu wa kwaya alimchagua Chepchirchir aimbe peke yake ubeti wa pili, akina mama wengine wakimwitikia. Kipindi kingetoka Jumapili, saa tisa alasiri. Chepchirchir ana miaka arobaini na sita, na picha yake pekee ambayo watu wameiona ni ile ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama amekamatwa.

“Mimi sitaki mengi,” alimwambia jirani yake Wachuka, anayeitwa Mama Kamande. “Nataka tu nijione nikiimba. Mara moja hivi, halafu nirudi kwa sukuma yangu.”

Bethwel aliposikia habari hiyo aliifurahia sana, akaigeuza mara moja ikawa yake. Alizunguka ploti nzima, nyumba kwa nyumba, akitangaza: “Jumapili mtamwona Mama Chelangat, na mtamwona kwa aerial yangu!” Ungedhani kwaya ilikuwa imeimba ili kuijaribu antena.

Sasa, kwa wiki tatu kulikuwa na maandishi yaliyopita chini ya skrini wakati wa habari. Yalisema masafa ya matangazo yanabadilishwa siku ya Ijumaa, na kwamba kila mwenye king'amuzi atafute stesheni upya kwa rimoti yake. Ilikuwa ni hayo tu. Hapakuwa na neno lolote kuhusu bati, ngazi wala spana. Bethwel aliyasoma mwanzo hadi mwisho, akayaelewa kwa faida yake: kama masafa yanahama, basi antena lazima ziyafuate huko yanakohamia.

Ijumaa picha zikapotea kweli, nyumba ya Bethwel na nyumba zote kumi na moja za majirani wa ploti. Jumamosi Bethwel alipanda zote kumi na moja. Wachuka, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kusimama mlangoni na kupiga kelele, alichoka saa sita mchana.

“Fundi,” alimwambia akiwa chini ya ngazi, “na hii story ya ku-scan? Wamesema kwa TV.”

“Mama Kamande, scan ni ya hospitali,” Bethwel akajibu kutoka juu. “Hapa tunatafuta masafa.”

Kufikia jioni, nyumba kumi na moja zilizokuwa na tatizo moja dogo zilikuwa na mawili: stesheni zilikuwa bado hazijatafutwa, na antena zote zilikuwa zimegeuzwa kutazama kila upande wa Bonde la Ufa isipokuwa ule unaofaa. Iliyosalimika ilikuwa ile ya Bethwel mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka.

Jumapili saa nane majirani walianza kuingia kwake. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini watu walijipa moyo kwamba nyumba ya fundi haiwezi kukosa picha. Chepchirchir alikuwa amesukwa nywele tangu Ijumaa, amevaa gauni lile lile la kwaya, amejaza chupa mbili za chai na kukata mkate. Televisheni ilikuwa nyeusi, na katikati maneno mawili ya Kizungu ya kusema hakuna mawimbi. Bethwel alivaa kofia yake akapanda.

“Imeshika?”

“Bado!” akaitikia Wachuka mlangoni.

Akazungusha kuelekea mlima wa Menengai. Bado. Akazungusha kuelekea ziwani. Bado. Akainua mlingoti, akaushusha, akaupiga kofi. Saa tisa kasoro robo Chepchirchir alitoka nje, akasimama pale ambapo mumewe angeweza kumwona, mikono ameifunga kifuani.

“Baba Chelangat, si tujaribu ile rimoti? Tafadhali. Muda unaenda.”

“Mama Chelangat, mimi nimewahi kukufunza kuimba?”

“Hapana.”

“Basi kila mtu na kazi yake. Wewe uliimba. Sasa wacha mimi nikulete hapa.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Chepchirchir alirudi ndani, akaketi, akayakazia macho yale maneno mawili ya kwenye skrini. Hapo ndipo alipoingia Cate, msichana mwenye saluni ya jirani, aliyemsuka. Alitazama televisheni, akatazama saa ya simu yake.

“Kwani hamja-scan?”

Wote walimgeukia Chepchirchir. Chepchirchir aliinuka, akaitoa rimoti chini ya kitambaa, akaivua nailoni, na kwa kucha yake akaubandua utepe mweusi, taratibu, kama mtu anayefungua barua yake mwenyewe. Akampa Cate.

Bethwel hakuyajua hayo. Huko juu alikuwa ameamua kuanza upya, na fundi anayeanza upya huirudisha antena pale ilipokuwa tangu mwanzo. Akairudisha. Kisha akakaa juu ya paa kupumua na kufuta jasho kwa kofia. Ndizo dakika pekee za siku mbili ambazo hakugusa kitu, na ndani ya dakika hizo chache king'amuzi kilitafuta stesheni zake chenyewe, mia kwa mia, na picha ikaja safi kama maji ya kisima.

Kwaya ilikuwa imeshaanza. Chumba kizima kilitaka kupiga kelele, lakini Chepchirchir aliinua mkono, na wote wakanyamaza. Wachuka aliondoka mlangoni akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akina mama kwenye skrini wakarudi nyuma hatua moja, na mwanamke mmoja wa gauni la samawati akabaki mbele, shingo wima, mkubwa kuliko alivyowahi kujiona kwenye kioo chochote. Chepchirchir alishika mdomo.

“Imeshika?” Bethwel akauliza huko juu.

Kimya.

“Nauliza imeshika?”

Kimya tena. Halafu, kupitia ule mwanya kati ya ukuta na mabati, akasikia wimbo. Sauti moja ya mwanamke, ya juu, isiyo na haraka, ikipanda mahali ambapo sauti nyingi hukatika. Bethwel alisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri, hilo hakulikataa. Hata aliinamisha kichwa kidogo, akijiuliza ni mama yupi wa Rhonda. Lakini hasira ikamshika. Kumbe yeye anaungua jua kwa ajili yao, na wao wameshakata tamaa, wameanza fellowship ya nyimbo na chai! Hakuna hata mmoja wa kumjibu. Na kimya ni bado. Alisimama, akaushika mlingoti, na akauzungusha kwa nguvu zake zote, robo nzima ya duara.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Bethwel aliridhika kwamba angalau adabu imerudi.

Akashuka ngazi akiwa na maneno tayari. Ndani alikuta watu kumi na wanne wameshika vikombe na hakuna anayekunywa. Televisheni ilikuwa nyeusi. Cate alikuwa anabonyeza rimoti bila matumaini, na saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tisa na dakika ishirini.

“Mimi nahangaika huko juu,” Bethwel alianza, “na nyinyi hakuna hata mtu mmoja wa kujibu! Na nani alikuwa anaimba humu ndani?”

Wachuka alikiweka kikombe chake mezani polepole. “Ngai, fundi,” alisema kwa sauti ndogo.

“Nauliza. Nani alikuwa anaimba?”

Chepchirchir alikuwa bado anatazama skrini. Aligeuka akamtazama mumewe, na hapakuwa na hasira usoni pake. Afadhali kungekuwa na hasira.

“Ni mimi,” alisema.

“Wewe? Saa ngapi? Si umeketi—”

“Ilikuwa imeshika, Baba Chelangat,” Cate akamwambia. “Tuli-scan, ikashika. Alikuwa kwa TV. Umeigeuza akiwa katikati ya solo.”

Bethwel alikuwa na sababu nyingi za kazi, zote za kweli, za upepo, za mlima, za waya. Alilolifikiria ni lingine. Alikuwa ameisikia sauti ile vizuri kabisa, akaisifu moyoni, na katika akina mama wote wa Rhonda aliowapitisha kichwani akijiuliza ni nani, mke wake, aliyeishi naye miaka kumi na tisa, hakuwemo. Chepchirchir alikuwa ameliona hilo kabla yake. Lilikuwa limeshamfika pale aliposikia swali la nani alikuwa anaimba.

Majirani waliaga mmoja mmoja, wakishukuru kwa chai kama watu wanaotoka matangani. Cate aliilaza rimoti mezani bila nailoni. Chepchirchir alikusanya vikombe akavipeleka jikoni, akaanza kuviosha, na safari hii hakuimba chochote. Bethwel alibaki mlangoni na spana yake. Alitaka kumwomba aimbe, hata ule ubeti mmoja tu, pale pale alipo, amsikilize mpaka mwisho. Lakini hakujua wimbo wenyewe unaitwaje.