Mbuzi Hana Kimeo

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, na harufu yenyewe ni ya moshi wa kuni mbichi na mafuta ya kondoo. Ilikuwa Alhamisi. Najua ilikuwa Alhamisi kwa sababu Jumamosi yake ndiyo tulichinja, na hiyo Jumamosi nitaifikia, usinikimbize.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimeshuka Mabogini kulima mpunga wa watu msimu mzima, nikapanda kurudi nyumbani Machame na mchele begani na kichwa kimevimba kwa kujiona mwanaume. Nyumbani nikamkuta mwanangu wa kwanza, Aikaeli, ambaye tulimwita Aika, msichana wa mwaka mmoja na miezi kidogo, anakohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha baridi ya mlimani, ambacho kila mtoto wetu huzaliwa nacho kama jina la ukoo. Alikohoa mpaka akatapika maziwa. Mke wangu Nsia akasema tumpeleke zahanati. Mama yangu akasema zahanati ya nini, hicho ni kimeo.

Kimeo, kwa wewe usiyejua, ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Fungua mdomo mbele ya kioo utakiona. Huku kwetu, na kwingine kwingi, mtoto akikohoa siku nyingi watu husema kimeo kimerefuka, kinamtekenya koo, kikatwe. Na mtu wa kukikata yupo.

Nasema yupo, sisemi alikuwepo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Juma lililopita nilikaa bombani nangoja ndoo yangu ijae, maana goti langu la kushoto halitaki tena kusimama, lakini habari za goti ni za siku nyingine. Nikamsikia binti mmoja mwenye simu kubwa kama kitabu cha nyimbo anamwambia mwenzake, "Wewe nawe, mtoto anakohoa wiki mbili umemkodolea macho tu. Mpigie fundi wa kimeo, anakuja mpaka nyumbani." Siku hizi anapigiwa simu, anakuja na pikipiki. Kisu ni kilekile, kilichobadilika ni usafiri.

Nikamwambia, "Binti, usimshauri mwenzako hivyo." Akanijibu kwa heshima zake zote, "Shikamoo babu. Mbona sisi tulikatwa na tuko hapa?"

Tuko hapa. Mwanangu, wale wasiokuwa hapa wangekuja bombani saa ngapi kusema yao? Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu. Mwandiko wangu ni wa darasa la pili, anayesoma avumilie.

Basi siku ile mwamuzi nilikuwa mimi. Nsia alinishika mkono akasema, "Baba Aika, mtoto anahema haraka. Mtazame mbavu." Sikuzitazama mbavu. Nilitazama nani anasema, nikaona ni mwanamke aliyeolewa juzi, na upande wa pili ni mama aliyelea watoto saba. Hakuna aliyeniambia kwamba hao saba walikuwa tisa. Nilikuja kuambiwa baadaye, nimeshakuwa na mvi.

Nikambeba Aika mwenyewe. Kwa fundi tulikuta watu wameketi kwenye benchi chini ya vipenu, kila mmoja na mtoto wake, kimya kama kanisani kabla ya ibada. Vyombo vyake vilikuwa kijiko cha pembe cha kukandamiza ulimi, waya uliopindwa kama ndoano, na kisu kidogo chenye ncha ya mwezi mchanga. Kila akimaliza mtoto alikifuta kwa jani la mgomba, na sisi tuliokuwa tunatazama tukaona huo ndio usafi. Nilimshika Aika miguu na mikono. Nguvu zangu zote za kulima mpunga nilizimalizia pale, kumshika mtoto asiponyoke. Fundi akaingiza kidole chenye mafuta ya kondoo, akaingiza waya, akakata. Akaniwekea kile kinyama juu ya jani, akasema, "Ona kilivyokuwa kirefu. Hiki kingemuua."

Nami nikamshukuru. Andika hilo moyoni, mwanangu. Mtu amenikatia mwanangu nyama nzima ya kooni, nami nimeinama kidogo nikasema ahsante.

Nikatoka nje na Aika begani, amenyamaza. Kando ya njia alisimama mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe mvulana, mnene, mashavu kama maandazi, anaitwa Elifuraha. Alikuwa anakohoa kidogo tu, kikohozi cha adabu. Yule mama akaniuliza, "Baba, wako anaendeleaje?"

"Mzima," nikasema. "Si unaona amenyamaza?"

"Na damu?"

"Damu gani? Wewe unaiona damu hapa? Acha woga, mama, ni kitu cha dakika moja."

Akamtazama Aika, akanitazama mimi, akarudi kwenye benchi. Mimi huyo nikashika njia ya nyumbani, nikipiga mluzi.

Sasa Jumamosi. Mke wa ndugu yetu alikuwa amejifungua, na mzazi kwetu lazima achinjiwe apate supu na mtori wa ndizi. Wanaume tukakusanyika kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, majani yametandikwa chini. Mchinjaji alikuwa baba mkubwa Anaeli, kaka wa baba yangu, mtu aliyepasua mbuzi na ng'ombe wa ukoo mzima tangu ujana wake. Alijua nyama ipi ni ya shangazi na ipi ni ya mjomba bila kuuliza mtu. Shule hakwenda hata siku moja. Mimi nilimzidi madarasa mawili, na ninaona aibu kusema nilijivunia hayo mawili.

Akaniona nimekaa pembeni. "Baba Aika, umenuna kama mtu aliyenyimwa kidari."

"Mtoto anakohoa, baba mkubwa."

"Si nasikia mlimkata kimeo?"

"Tulimkata juzi."

"Na anakohoa?"

"Zaidi ya mwanzo."

"Labda alikuwa navyo viwili," mmoja akasema, watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Anaeli hakucheka. Alikuwa na kichwa cha mbuzi mkononi, kimeshatenganishwa. Akakipasua taya, akakiweka mbele yangu juu ya jani. "Ingiza kidole. Nitafutie kimeo."

Nikaingiza. Nikapapasa ulimi, nikapapasa paa la kinywa mpaka nyuma kabisa. Laini, hakuna kitu kinachoning'inia. "Sikioni, baba mkubwa."

"Tafuta vizuri, wewe si ndiye mtaalamu wa koo?"

"Hakuna."

"Hakuna. Mbuzi hana kimeo. Ng'ombe hana, kondoo hana, nimewapasua wote. Na mbuzi wako kule bandani wakati wa baridi anakohoa au hakohoi?"

"Anakohoa."

"Kwa kimeo kipi?"

Anaeli akavuta koromeo la yule mbuzi pamoja na mapafu yake, akaweka mdomo kwenye koromeo, akapuliza. Mapafu yakapanda, mekundu, mepesi, yakajaa kama mkate ulioumuka. Lakini pembeni palikuwa na kipande cheusi, kigumu kama ini, hakikupanda. Akakibonyeza kwa kidole. "Kikohozi kinakaa hapa. Pumzi haiingii hapa, ndiyo maana mnyama anakohoa, anataka kupafungua. Mwanao akivuta pumzi, chini ya mbavu panafanyaje?"

Nikakumbuka Nsia alivyosema nitazame. Asubuhi ile nilikuwa nimeona, ila sikutaka kujua nimeona. "Panabonyea ndani."

Anaeli akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku ile nilimwona mrefu kuliko mti wa mgrevilea. "Mtoto wako anazama nchi kavu, na wewe umekaa hapa unangoja nyama. Umempeleka kwa mtu akamkate mlangoni wakati moto unawaka chumbani. Ondoka. Ukirudi hapa bila kumpeleka hospitali, mimi si baba yako mkubwa."

Nilikimbia. Nyumbani nikamkuta Nsia ameshamfunga Aika kwa kanga, yuko mlangoni anatoka, hakuwa ananingoja mimi. Mtoto midomo imekuwa na rangi ya majivu. Tukateremka barabarani, tukasimamisha gari la maziwa, tukafika hospitali.

Nesi aliyetupokea hakutusalimia. Alifunua kifua cha mtoto, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima, midomo yake inacheza. Kisha akamfungua kinywa. Akauliza nani amemkata. Nikasema ni mimi niliyempeleka. Akaniambia maneno ambayo sitayaandika yote, kwa kuwa mengine yalinistahili mimi peke yangu. Haya nayaandika:

"Baba, huyu ana nimonia, ugonjwa wa mapafu. Kile kinyama na paa laini linalokishika hupanda mtu anapomeza, hufunga njia ya pua ili maziwa yasipande huko. Mtoto akikohoa sana koo lote linavimba, nacho kinavimba. Kimevimba kwa sababu anakohoa, hakohoi kwa sababu kimevimba. Na damu yote ya mtoto kama huyu haizidi sana vikombe vitatu vya chai. Kimoja ameshakimeza tangu juzi, ndiyo maana hukukiona."

Ameimeza. Kumbe mtoto hutoka damu kwenda ndani, anaimeza kidogo kidogo, mzazi anamwona ametulia na kusema amepona. Wakapima damu yangu, ikaafikiana na yake, wakanitoa mimi wakamtilia yeye. Nililala kitanda cha pili nikiitazama inavyoshuka kwenye mpira. Nsia alikuwa amekaa katikati yetu, na hakunitazama hata mara moja. Siku ya tatu Aika akataka ziwa. Kwa majuma kadhaa maziwa yalikuwa yakimtokea puani akinyonya, kama nesi alivyosema, kisha polepole yakaacha. Leo ni bibi wa watu, na akikasirika sauti yake inafika barabarani.

Elifuraha hakufika hospitali. Alikatwa Alhamisi ileile baada ya Aika, kwa kisu kilekile. Ijumaa alitulia sana, wakasema amelala vizuri. Jumamosi asubuhi hakuamka.

Nilikwenda mazikoni. Fundi naye alikuja. Alipewa kiti mbele, akapewa kahawa, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakaitikia. Nilikuwa viti viwili kutoka kwake. Mungu hakukishika kile kisu, mwanangu. Nilikuwa najua, Anaeli alikuwa ameshanifundisha kwa kichwa cha mbuzi, lakini nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza. Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, wa kwangu akapona, likaliwa nyumba ya mwenzangu.

Nikakaa na jambo hilo miaka mingi. Aika alipojifungua mtoto wake wa kwanza na kuniwekea mikononi, sikuweza tena. Nikakata jani la isale, lile la kuombea msamaha, ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa. Nikalifunga kwenye gazeti, nikateremka Moshi mjini mpaka Majengo, ambako Mama Elifuraha alikuwa anaishi kwa mwanawe mwingine. Nikampa jani, nikamweleza mimi ni nani.

Akalipokea kwa mikono miwili. Akanimiminia chai. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Siku ile nilikuwa nimeshamfunga mtoto mgongoni niondoke, Baba Aika. Nikasema, ngoja nimuulize yule baba kwanza."

Alinisamehe, maana mila ilimtaka anisamehe na yeye ni mtu mwema. Lakini sentensi ile haina jani lake.

Kwa hiyo nasikiliza ushauri wa bombani nachemka. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi tunajikwaa ulimi kila siku, halafu anayeanguka ni mtoto wa jirani. Pikipiki yako ikizima unauliza mafuta, unauliza plagi, humwiti mtu akukatie kipande cha taa. Mtoto, ambaye hana duka la vipuri, ndiye unayemwita mtu wa kumkata.

Ninachokuambia ni hiki. Mtoto akikohoa, mfunue kifua umtazame akipumua. Akihema haraka, mbavu zikibonyea, akikataa ziwa au chakula, akilegea, akikohoa na homa haishuki, usingoje kesho na usimwite mtu mwenye kisu. Mpeleke kituo cha afya, hata kwa kubebwa. Kama ameshakatwa na ametulia mno, mpeleke vilevile, na useme ukweli kwamba amekatwa, hata ukitukanwa. Tusi halijaua mtoto. Mkeo akisema tazama, tazama. Mama yako akisema kata, mwinamie, msalimie, kisha mbebe mtoto uende hospitali. Na mtu akikuuliza kando ya njia, "Wako anaendeleaje?", nawe hujui, sema sijui. Neno hilo halikuvunjii heshima. Lingetosha, Alhamisi ile.

Mungu akujalie mtoto anayelala bila kukoroma kifua, macho ya kuona yaliyo mbele yako, na moyo wa kukubali kukosolewa mtoto angali hai. Pumzi ya nyumba yako isikatwe na mkono wa mtu.