Nguo za Rabii Nilizozipeleka Maskati

Mnaniuliza tangu nirudi, Zuwena, kilikupeleka nini Maskati wakati wa joto lile? Kilichonipeleka ni neno moja, tena zuri ukilisikia: rabii. Dada yangu Rukia, aliyehamia Maskati na mumewe baada ya sote kutoka Unguja, alimtuma mwanamke mmoja aliyekuwa akija Mombasa kuwatazama wazee wake. Mwanamke yule alinifuata mpaka kwenye cherehani yangu Mji wa Kale, akanywa chai yake taratibu, ndipo akanipa ujumbe. "Dada yako anakwambia mwanawe Salma anaolewa. Uje mwenyewe, na ulete nguo za rabii."

Na mie mnanijua. Nikitajiwa nguo, usingizi unaniruka. Na hilo neno nililijua, maana nilikuwa na jarida la Beirut lililoandikwa juu yake, kwa herufi za kukolea, mitindo ya rabii. Ndiyo yale majira ya Sham na Ulaya, baridi inapoondoka na miti kutoa maua. Nikasema, loo, Maskati wameendelea hivyo! Watu wananihadithia majabali na mbuzi, kumbe wenzetu wanavaa kwa majira!

Nikakata usiku na mchana. Mwaka ule magauni yalikuwa yamenyooka, hayana kiuno, mikono mifupi, yanaishia magotini. Rangi ndizo zilizonimaliza: limau, waridi changa, buluu ya asubuhi. Vifungo vikubwa kama visosa. Na juu ya kila gauni, kikoti chepesi cha sufi, kwa sababu mabinti wote wa kwenye lile jarida walivaa vikoti. Nikashona vikoti vitatu vyenye bitana. Narudia: vikoti vya sufi, vitatu, vya kupeleka Maskati.

Safarini nilifuatana na familia moja ya watu wetu waliokuwa wakienda Dubai. Meli ilitupeleka kwanza Karachi, na bahari ilikuwa imeshaanza kuchafuka, basi nililala chali siku nyingi nikiapa kwamba sitapanda tena chochote kisichokuwa na magurudumu. Karachi tukapanda meli ya kwenda Ghuba. Ile nayo ilijaa watu, masanduku, na harufu ya achari. Sanduku langu la nguo nililikalia mwenyewe. Mtu akitaka kuliegemea namwambia, hebu sogea baba, humu mna bibi harusi.

Tulipoingia bandari ya Maskati ilikuwa asubuhi, na joto lilikuwa limeshaamka mbele yetu. Majabali meusi yameuzunguka mji, ngome mbili zimekaa juu yake, na kwenye mawe pameandikwa kwa rangi nyeupe majina ya meli zilizopata kupita. Tukashushwa kwa mashua. Shemeji yangu Nassor, mume wa Rukia, alikuwa karani wa forodha, na yeye ndiye aliyehangaika mpaka nikapata ruhusa ya kuingia, maana siku zile kuingia pale hakukuwa kama kuingia sokoni. Akafungua sanduku langu kwa kazi yake, akakivuta kikoti cha kwanza, akakishika kwa vidole viwili.

"Shemeji, hili koti la nani?"

"La Salma."

Akalitazama koti, akalitazama jua, akanitazama mimi. "Inshallah," akasema, akalikunja vizuri, akalirudisha.

Nyumba yao ilikuwa Matrah, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Maskati kwa barabara inayopita baina ya majabali. Rukia alinilaki mlangoni, tukalia, tukacheka, tukalia tena. Chakula cha mchana kilikuwa wali na nguru waliotoka kwa wavuvi wa Sidab asubuhi ile, wabichi hata macho yao yanang'aa. Baada ya kula, Salma, mpwa wangu mwenyewe, akaomba afungue sanduku. Akalitoa gauni la limau akaliweka kifuani, uso ukamchanua. Mamake akatoa kikoti, uso ukamsinyaa.

"Zuwena, mie nilikwambia ulete nguo za rabii."

"Na hizi ni nini?"

"Rabii, mwanamke wee! Mwezi wa Rabii! Harusi ni mwezi wa Rabii!"

"Mfunguo sita, mwezi wa Maulidi?"

"Ndiyo!"

"Sasa si ungesema mfunguo sita! Uarabu umekuingia lini wewe, hata miezi ya kwenu umeisahau?"

Tulicheka mpaka Salma akaenda kutuletea maji. Lakini Rukia aliacha kucheka kabla yangu. Akaketi juu ya mkeka, kikoti kimo mapajani. Akaniambia kwamba mamake bwana harusi, Umm Hilal, ni mtu wa mji wa Maskati kwa mababu, na hajaipenda sana habari ya mwanawe kuoa binti wa waliotoka Afrika. Amekubali kwa sababu Hilal ameng'ang'ania. Amesema mbele za watu kwamba wasichana wa kutoka kule hawana stara. Na wiki hii atakuja na wanawake wenzake kutazama nguo za bibi harusi, kama ilivyo ada.

"Tumetoka Unguja mikono mitupu," akasema Rukia. "Tukakaa Dubai kwa watu. Hapa tunaishi kwa sababu kuna mtu amesema tuachiwe tuishi. Salma akirudishwa, Zuwena, nani wa mji huu atatugongea mlango tena?"

Hapo kicheko kilinikauka. Nikamwambia asijali, nitashona mapya marefu, nipewe siku chache tu na kitambaa.

Sikupewa. Kesho yake, jua halijapanda vizuri, mlango ukabishwa. Umm Hilal alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kipini cha dhahabu, na amejifunika shali yenye rangi zote alizoumba Mungu. Na wenzake wawili hivyo hivyo, nyekundu na rangi ya machungwa na zambarau. Mie peke yangu na buibui langu jeusi nilionekana kama nimekuja matangani. Magauni yalikuwa yametundikwa ukutani, tumeyatundika mikunjo ishuke. Pa kuyaficha hapakuwa.

Akalitungua la limau. Akalikung'uta. Akaligeuza nje ndani akautazama mshono, na hapo sikuwa na wasiwasi, mshono wangu haujapata kunitia aibu. Kisha akalipima mwilini mwake, akainama kuitazama miguu yake, akainua kichwa.

"Wen sirwal?" akauliza. Suruali iko wapi?

Rukia akawa mwekundu, akatazama chini. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa, finjani ziko mbele ya wageni. Mie nikaona huyu anatutukana kweupe, anatuuliza kama tunatembea uchi, na nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha, "Kama hataki si aseme tu hataki?" Umm Hilal hakujua Kiswahili, lakini sauti haina lugha. Akatungoja kidogo. Akalirudisha gauni ukutani kwa adabu, akasimama, wenzake wakasimama, wakaondoka. Finjani zote tatu zilibaki zimejaa.

Kwao pale, mgeni akiiacha kahawa yako, amekuachia na maneno yake. Rukia alijifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti. "Imekwisha," akasema. "Imekwisha, Zuwena." Na mie nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nikamtaja mwanamke yule kwa majina ambayo siyaandiki hapa.

Salma ndiye aliyetunyamazisha. "Mama, yule ameuliza suali. Hakuna aliyemjibu."

"Suali gani? Matusi yale!"

"Suali. Hapa hakuna mwanamke anayevaa gauni bila suruali. Gauni linakuja mpaka hapa," akaonesha chini ya goti, "na suruali inatokeza chini, na pindo zake zimetariziwa. Hata lile alilovaa yeye liko hivyo, hamkuliona? Kwake yeye hili si fupi. Ni nusu."

Jamani, mie ni fundi. Nimekaa na mwanamke yule chumba kimoja, nikamtazama shali, nikamtazama kipini, na miguuni sikumtazama kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuchukia. Nikayarudia magauni ukutani. Yamenyooka, mapana chini, yanaishia gotini. Tena nikaona yanavyoitaka ile suruali. Nikamwambia Salma, vaa viatu, twende sokoni.

Soko la Matrah limefunikwa juu, giza jema, na maduka yamepangana kama droo za kabati. Tulipata hariri nyepesi ya kijani na satini ya rangi ya asali. Wanawake wamesimama wanajadili vitambaa, na mara hii macho yangu hayakutoka vifundoni mwao. Pindo zile! Nyuzi za fedha, nyekundu, zari, zimebana mguu kama bangili pana, na kila moja ina nakshi yake. Tukarudi, nikakata na kushona suruali pana juu, nyembamba chini. Nilipotaka kuanza kutarizi pindo, Salma akanishika mkono.

"Hapana, mama mdogo. Hizo ziache tupu."

"Niziache tupu kwa nini, na mie naweza?"

"Kila nyumba ina tarizi yake. Twende tukamuombe ya nyumbani kwake."

Rukia alisema tusithubutu. Tukathubutu. Mchana ule ule Nassor alitupatia gari la kutuvusha mpaka mji wa Maskati, tukaingia kwa lango kubwa, tukapita vichochoro vya nyumba nyeupe. Njia nzima Rukia alikuwa akivuta uradi. Umm Hilal akatufungulia yeye mwenyewe. Hakutabasamu, lakini alitukaribisha, maana mgeni hafukuzwi.

Salma hakutungoja sisi. Akakaa mbele yake, akalifungua furushi la kitambaa, akalitandaza gauni la limau, na chini yake ile suruali ya kijani. Kiarabu chake kilikuwa cha kukwama kwama, lakini nilikifahamu chote. "Ummi," akasema, "uliuliza suruali. Hii hapa. Lakini miguu yake mitupu. Mie tarizi ya nyumba yenu siijui."

Umm Hilal akaivuta suruali. Akapitisha kidole kwenye mshono wote, juu mpaka chini, nami nangoja kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Akazitazama zile pindo tupu. Kisha akapaza sauti kuita ndani waje na kasha la nyuzi, akavaa miwani, akatunga sindano papo hapo. Alikuwa ameshapiga msururu wa kwanza wa zari alipomshika Salma mkono, akamwekea sindano vidoleni, akamsogeza begani kwake ili aone vizuri.

Baadaye alimimina kahawa mwenyewe. Ya kwanza alimpa Rukia. Rukia aliipokea kwa mikono miwili, ikammwagikia kidogo, na Umm Hilal akajifanya haoni.

Harusi ilifanyika mwezi ule ule wa Rabii, uliotaka kutuvunjia nyumba. Siku yenyewe Salma alivaa kijani, kama wavaavyo bibi harusi wa pale, na shela ya kijani juu ya kichwa, dhahabu tupu. Lakini fungate ilipokwisha, alipotoka kuwaona watu, alitoka na gauni la limau, vifungo vyangu vikubwa, na chini yake pindo za Umm Hilal. Wanawake walimzunguka. Waliniona mie, wakanizunguka na mie. Nilikata magauni ya namna ile mpaka mkasi ukanitia lengelenge, na kila moja lilipewa suruali yake kabla sijafungua mdomo. Vikoti mnataka kujua vilipoishia? Rukia alivilowesha maji akaivika mitungi yake, na sijapata kunywa maji baridi kama yale.

Nilipokuwa nafunga safari ya kurudi, nilijiuliza nimepata nini huko mbali na mkono wa lengelenge. Nimejifunza kwamba urefu wa gauni haupimwi kwa utepe tu. Unapimwa na macho ya wanaolitazama, na kinachotarajiwa kuwa chini yake. Ningelijua hilo mapema, ningeyaacha machozi mengi Mombasa. Na nimejifunza kwamba mtu akikuuliza, hata sauti yake ikiwa kavu, mjibu kwanza, ukasirike baadaye.

Asubuhi ya kuondoka, Rukia alinisindikiza mpaka ufukweni. Salma na mkwewe walikuwapo, Umm Hilal anamgombesha mchukuzi kwa sababu ya sanduku langu, kama kwamba sanduku ni lake. Rukia akanikumbatia. Toka tutoke Unguja, dada yangu akitaja mahali alipo, Dubai au Maskati, husema "kwa watu". Mie nilikuwa nimeshazoea.

"Haya," akaniambia, "ukifika huko wasalimie wote. Waambie sisi huku kwetu hatujambo."

Mwenyewe wala hakujisikia. Alikuwa ameshageuka kumwita Salma aje aniage.