Reli ya Kupandishia Mashua

Treni sijapanda hata siku moja maishani, lakini reli nimesimamia. Watu wakinicheka kwa hilo nacheka nao, kisha nawaambia kwamba reli yenyewe haikuwa ya treni. Ilikuwa ya mashua: vyuma viwili vinavyoshuka kutoka banda la samaki hadi ziwani, toroli juu yake, na winchi ya kulivuta toroli hilo. Mashua inaelea hadi juu ya toroli, inafungwa, inavutwa nchi kavu, na fundi anaanza kazi.

Tuliihitaji kweli. Zamani mashua ilitolewa majini kwa mikono ya wanaume, na ufuo wetu, upande wa Karungu, haukukosa mikono. Kisha machimbo ya dhahabu ya Macalder yakawavuta vijana, tukabaki na wazee wanaolalamika migongo. Mashua zikaanza kuozea majini. Ndipo kaunti ikakubali kutujengea reli kwa ushuru uleule tunaoutoa kwa kila gunia la omena, dagaa wetu wa ziwani, na baraza likachagua kamati ya wananchi ya kuiangalia kazi. Kamati isipokubali kwamba kazi imekwisha, kontrakta halipwi pesa zake za mwisho.

Uenyekiti nilipewa mimi, na nadhani ni kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ni Mkuria, mtu wa mahindi na ng'ombe, niliyeolewa ziwani. Hapa huniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na Kiluo changu bado kinawachekesha sokoni, kwa hiyo nikitaka kugombana vizuri hugombana kwa Kiswahili. Nauza omena kwa jumla. Ushuru natoa kila wiki, na anayeutumia nitamfuata kama ng'ombe anavyofuata chumvi.

Kazi ilianza ziwa likiwa limefura. Maji yalikuwa yamemeza vibanda vya mstari wa mbele, choo cha soko na njia ya kwenda kanisani, yakakaa muda mrefu hata tukayazoea. Watu walijenga upya huku juu, wakasema ziwa limekuja kuishi. Kontrakta naye alipima reli kuanzia maji aliyoyakuta, na hakuna aliyempinga, maana ziwa lilikuwa pale pale. Kabla hajamaliza, maji yakaanza kurudi kwao. Siku aliyotangaza kwamba kazi imekwisha, mwisho wa reli ulikuwa kwenye maji ya magotini, katikati ya matope na matete.

Nikakataa. Nilimwambia ametujengea josho ambalo ng'ombe hawalifikii. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alifuata mchoro, na mchoro ulitaja urefu ule ule, na kama ziwa limeshuka basi tukalalamikie ziwa. Kwa upande wake alikuwa na haki, na kwa upande wetu reli haikufika penye maji ya kuelea mashua. Wenzangu kwenye kamati walichoka upesi. Walitaka siku ya ufunguzi, hema na soda, na walianza kuniambia kwamba kichwa changu ni kigumu.

Aliyenikaba koo zaidi ni wifi yangu, dada yake mume wangu. Ni mjane, na ana mashua moja ya omena ambayo ndiyo iliyosomesha watoto wake. Yeye haingii ndani yake. Kwetu mwanamke huwa na mashua, lakini wanaokwenda nayo kuvua ni wanaume aliowaajiri. Mbao za chini zilikuwa zimeoza, na ilikuwa miezi ile ambayo uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, ndiyo miezi ya kutengeneza mashua. Uvuvi ukifunguliwa mwezi wa nane na mashua yako bado mbovu, wavuvi wako wanahamia kwa mwingine, na kuwarudisha ni kazi. Kuipeleka hadi mji wa Sindo ikatengenezwe huko alishindwa, maana kwa jinsi ilivyovuja ingezama njiani.

Alinijia kibandani asubuhi moja, akakaa juu ya gunia, na hakuzunguka.

"Wifi, hii reli imekwisha. Weka sahihi watu waendelee. Hizo vyuma zingine zitaongezwa baadaye."

Nikamwuliza kontrakta akishalipwa atamwona wapi tena.

"Wewe unashindana na kontrakta," akasema. "Mimi nashindana na mwezi wa nane."

Akaondoka bila kugusa chai. Iliniuma. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi nisiyejua omena huanikwaje, ni yeye aliyenifundisha, na nikiharibu alinifichia kwa mama mkwe. Lakini sahihi sikuweka.

Basi kontrakta akapeleka malalamiko mbele, na wajumbe wa kamati ya bunge la kaunti wakaja kuona wenyewe. Walikuja na viatu vinavyong'aa, wakasimama penye nyasi. Kontrakta alipendekeza kujaribu reli kwa boti ndogo ya plastiki, nyepesi, ambayo wanaume wawili wangeweza kuibeba begani. Nikasema hapana. Nikamwambia mheshimiwa aliyeongoza msafara kwamba sisi hatulipi ushuru wa kuvuta mabeseni, na kama reli ni nzima ivute mashua ya omena, ya mbao, iliyolowa maji.

Mheshimiwa akakubali, akauliza ni ya nani.  Hakuna mwenye mashua aliyetaka kutolea mali yake ugomvi wa nyar Kuria. Ndipo wifi yangu akatoka kwenye kundi la wanawake, akasema ichukuliwe yake. Aliniangalia usoni aliposema hivyo. Alitaka ipande mbele ya watu wote, mdomo wangu ufungwe, na fundi aanze kazi kesho yake.

Wakaisukuma mashua kuelekea toroli. Hatua chache kabla ya kufika, ikakwama kwenye matope. Msimamizi wa kontrakta akasema si neno, wanaume wainue mbele tu, winchi itamaliza. Wakainua. Winchi ikawashwa, kamba ikakaza, na kichwa cha mashua kikapanda juu ya toroli huku nyuma kukiwa bado kumezama topeni. Mheshimiwa mmoja akaanza kupiga makofi. Mashua ilikuwa imepinda katikati, na tukasikia mbao zikilia.

Nilijua nimeshinda, na sikufurahi hata kidogo. Nilitaka kupaza sauti wazime, lakini niliogopa. Nikisema mimi, wangesema nimeharibu jaribio kwa makusudi, na reli ingepitishwa siku hiyo hiyo. Nikisubiri kidogo tu, ile mashua ingevunjika na kusema kwa niaba yangu. Nilisimama hapo mdomo wazi, mimi niliyechaguliwa kwa sababu ya mdomo.

Wifi yangu akaingia majini na gauni lake la kanisani. Akaweka mkono kwenye ubavu wa mashua, pale ubao ulipokuwa umeachana na mwenzake, akamgeukia mwenye winchi.

"Zima hiyo mashine."

Ikazimwa. Kisha, akiwa bado kwenye maji, akamwambia mheshimiwa kwamba reli haijafika ziwani, na kwamba anaomba waandike hivyo. Hakuniangalia. Wakaandika.

Kontrakta aliamriwa kuongeza vyuma hadi penye kina, vibaki majini hata ziwa likishuka tena, na kamati yetu ikamkalia kooni mpaka akafanya. Nilikwenda pale kila siku. Lakini vyuma havikuwahi mwezi wa nane. Uvuvi ulifunguliwa, mashua za wenzake zikaondoka, na wavuvi wake wakaondoka nazo. Wifi yangu akapanga foleni nasi bandani kununua omena waliovuliwa na wengine, aje auze kwa faida ya senti. Watu walinisifu njiani kwa kuikataa reli. Kila mara niliwaambia nani aliyeikataa, na hawakutaka kusikia, kwa sababu walishazoea hadithi yenye mimi ndani.

Siku ya ufunguzi, waheshimiwa walirudi na hema. Mmoja wa wenye mashua kubwa alikuwa amepaka yake rangi mpya ili iwe ya kwanza kupanda. Hapo mdomo wangu ukarudi. Nilisema kamati yangu haijamkabidhi mtu reli bado, na mpaka itakapokabidhi, mpangaji wa foleni ni mimi. Ya kwanza ilikuwa ile yenye mbao zilizoachana, ambayo tuliizibia nyufa kwa vitambaa na gundi ili ielee kwa muda ule tu. Ikakaa juu ya toroli bila mtu kuinua chochote, ikapanda taratibu, maji yakivuja kutoka kila upande. Wifi yangu alitembea pembeni yake mkono ukiwa juu ya ubao, hadi juu.

Mheshimiwa akamwuliza kwa upole kama lile gofu ni lake.

"Mashua ni yangu," akasema. "Hata reli ni yangu."

Mheshimiwa akacheka, akidhani anataniwa. Wifi yangu akasubiri amalize kucheka.