Kichwa Kilichosemwa Kimefungwa

Ninyi vijana mnaosema, "Mimi hesabu sizijui, ndivyo nilivyoumbwa," kaeni mnisikilize. Maneno kama hayo nusura yaniue.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la sita, huku kwetu nje kidogo ya Shinyanga mjini. Daftari lake la hesabu lilikuwa makosa matupu. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, ni mchimbaji kule Masumbwe. Wachimbaji wakikosa dhahabu huenda kwa mganga kuulizia nani kawafunga kwa uchawi. Aliporudi nyumbani akafanya vilevile kwa mtoto. Mtoto akakitemea kifaranga mate mdomoni, mganga akakipasua, akasoma alama za mgongoni mwake. Akasema kichwa cha mtoto kimefungwa na mwanamke mzee wa kaya hiyo hiyo, mwenye macho mekundu.

Mzee wa kaya ile ni mimi. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, miaka yote nikiwapikia wao.

Wakati ule hakuna aliyeniambia. Niliona tu. Mkamwana akaanza kuwapakulia watoto mbali na mimi. Kisimani nikisalimia, wanawake wanaangalia ndoo zao. Mwanangu hakuniamkia siku tatu. Siku ya nne wakapita wanaume wawili nisiowajua, wakamwuliza mkamwana nyumba yangu ni ipi. Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mjukuu ndiye aliyekuja jikoni.

"Shikamoo bibi. Eti umenifunga?"

"Marahaba. Nikufunge kwa kamba gani, na ndama wenyewe wanaikata? Lete hilo daftari."

Mimi niliishia darasa la pili. Alikuwa amejumlisha nusu na robo, akapata mbili juu ya sita. Nikamwambia anieleze, maana sikujua. Akasema ni vipande viwili katika sita. Basi nikakata kiazi vipande sita, nikampa viwili. Kingine nikakikata katikati, nikampa nusu.

"Ipi kubwa?"

"Hii nusu."

"Ulikuwa na nusu, ukaongezewa robo, ikapungua? Nani kaila, mchawi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ni mimi, bibi. Nimejumlisha hata namba za chini."

Tukarudia kila alasiri, wiki mbili. Hesabu zilizonishinda nikamtuma akamwulize mwalimu, na akikosa nikamrudisha tena. Jaribio lililofuata alipata saba katika ishirini. Kabla ya hapo zilikuwa mbili. Bado ni kufeli, najua.

Jioni ile akasimama mbele ya baba yake uani. "Baba, sijafungwa. Nilikuwa sijajua tu. Mliposema nimefungwa nikaacha hata kujaribu, nikawa nangoja kufunguliwa."

Mwanangu alinitazama mimi machoni, akatazama njiani. Wale wanaume wawili walikuwa wamesimamisha pikipiki pale, hawajazima injini.

Nikaweka chini ungo, nikasimama katikati ya uwanja ili wote wasikie.

"Katika kaya hii mtoto akikosa hesabu hatafutwi mtu. Anakaa chini, anarudia. Na wewe, mwanangu, nenda ukawaambie wale waondoke, kisha urudi hapa ukae na mwanao mpaka amalize hesabu zake."