Vigelegele kwa Bakteria

Gracieuse, msusi kutoka Kongo, amesuka vichwa vingi katika saluni yake ya katikati ya Durban, lakini hakuna kinachomtoa jasho kama cha yule mtafiti wa Kitanzania. Kabla hata ya kusalimia, mteja huyo hunawa mikono hadi viwikoni na kuinusa. Kisha huketi na kusimulia habari za bakteria wake kwa sauti ya mama mwenye watoto bweni. Anawakuza ndani ya maji ya chumvi. Wengi hufa, wachache ambao jeni zao zimebadilika kwa bahati tu huishi na kuzaliana. Akieleza hayo vidole huchezacheza hewani, kichwa hufuata vidole, na mistari ya Gracieuse huenda upande.

Jumamosi iliyopita alipigiwa simu kutoka maabara: kwenye chupa yenye chumvi kali zaidi hakuna kilichoota. Akainuka na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, akapanda taxi hivyo hivyo. Alasiri akarudi, macho mekundu. Gracieuse akamvutia kiti polepole, kama msibani.

"Batoto yako iko namna gani, mama?"

"Wameota, dada. Walichelewa tu. Sasa wako mamilioni."

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Mteja mmoja mjamzito akamshika mkono, akampa pongezi za uzazi. Mtafiti akashukuru, akafuta machozi.

"Jumatatu," akasema kwa upole, "naanza kuwachemshia maji, nione ni wachache gani watakaobaki hai kwenye moto."

Vigelegele vikakatika, na yule mjamzito akauachia mkono taratibu.