Ofisi Iliyoletewa Sadaka

Mwaka ule nilikuwa Moshi, nikibeba magunia katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Kabla ya hapo nilivuna mpunga Chekereni, nikachunga ng'ombe Kahe, na kote nilichoka. Shule niliiacha kidato cha pili, ila udadisi haukuniacha, ndiyo maana kila mapumziko nilisimama dirishani kwenye chumba cha kuonjea kahawa. Humo watu wazima wenye makoti meupe hufyonza kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kelele, kama bomba lililokaukiwa maji, kisha huitema. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Waliokuwa wakijifunza kazi hiyo walikuwa wawili, wote wametoka chuo kikuu: kijana wa mjini aliyeletwa na gari la mama yake, na binti wa Mwika aliyetoka kwao kabla jua halijachomoza. Hawakulipwa kitu. Iliitwa kujitolea. Meneja aliwaambia ajira ni moja, ataipata atakayekuwa bado yupo msimu ukiisha. Kijana angeweza kungoja hata misimu mitano. Binti aliniambia pale dirishani kwamba nyumbani wameishiwa nauli ya kumpa, Ijumaa ndiyo mwisho wake. Nami, wa kidato cha pili, nililipwa kila jioni. Tulitazamana, tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha.

Mama wa binti huyo alikuwa mzee wa kanisa huko kwao mlimani. Binti alipomweleza kwamba anaacha kujitolea, mama alilichukua neno hilo kama alivyolijua siku zote: unajitolea kwa asiye na uwezo. Akaihurumia ofisi.

Ijumaa saa nne pikapu ikafika getini, imejaa kina mama wa jumuiya, mikungu ya ndizi mshare, vibuyu vya maziwa mgando na jogoo mmoja. Mlinzi alidhani ni harusi, akafungua. Niliacha gunia langu nikaenda kuwashushia mizigo.

Meneja akatoka, akamwamkia mama wa binti shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akampa pole, akasema wamesikia ofisi imekwama, wameleta kidogo walichojaliwa.

"Lakini mama, ofisi yetu haina shida."

"Kama haina shida, baba, mbona mwanangu anajitolea?"

Meneja alimnyooshea jogoo kidole, kisha pikapu.

Akawaomba warudi na vitu vyao, lakini sadaka ikishashuka haipandi tena mlimani. Hunadiwa, kama kanisani baada ya ibada ya mavuno. Mama mmoja mwenye sauti akasimama juu ya mizani yetu ya magunia, mnada ukaanza. Wakaja makarani, madereva, waonjaji na makoti yao. Kijana wa mjini alimnunua jogoo bila kujua jogoo hushikwaje, akamkimbiza uwanja mzima huku kina mama wakimwelekeza kwa Kichagga, lugha ambayo hakuielewa. Mkungu wa mwisho meneja aliugombania na mpishi wa kantini, jasho likimtoka, na hakuna aliyejua tena kwa nini.

Mama akakusanya fedha katika kitenge. Akasema kama ofisi inajiweza, basi mhitaji ni mwanawe, akampa. Binti akarudisha mkono nyuma.

"Hizo zipelekwe kanisani, mama." Akamgeukia meneja. "Bosi, mimi siombi msaada. Naomba nilipwe kama mbeba magunia."

"Kama mbeba magunia?"

"Kama huyu hapa."

Uwanja wote ukanigeukia. Sikuwa nimewahi kuwa kipimo cha kitu chochote maishani, nikajikuta nimesimama wima, vumbi la magunia limenijaa hadi kwenye nyusi. Meneja alinitazama, akawatazama kina mama ambao hawakuonyesha dalili ya kupanda pikapu, akasema sawa. Wote wawili, kuanzia Jumatatu.

Jumatatu jioni binti alisimama nyuma yangu kwenye foleni ya malipo, akifyonza hewa kwa kelele ya waonjaji ili kunichekesha. Nyuma yake kijana wa mjini alinyoosha shingo, akauliza kwa wasiwasi mtu anatakiwa kusaini wapi.