Mashine ya Bi Rahila haizimwi mpaka mpunga uishe

Jua halijapata makali bado. Bi Rahila Silima ameshika kamba ya kuwashia mashine yake ya kukoboa mpunga, lakini haivuti. Anahesabu magunia.

"Bado la Bi Mize. Hatuwashi mpaka aje."

Wanawake saba wanangoja nje ya banda lake, mtaa wa Jadida, mjini Wete.

"Bi Mize huyo anajitia wanja kwanza!" anatania mmoja, wote wanacheka.

Zamani hakungojwa mtu. Ukija na pishi zako mbili tu za mpunga, mashine inawashwa, unakobolewa, inazimwa.

"Kila ikiwashwa lazima izunguke tupu kwanza ipate moto," anaeleza Bi Rahila, mjane wa miaka 49 mwenye watoto wanne. "Petroli hiyo hailipi mtu."

Anatoza shilingi mia kwa kilo. Mwaka jana, akishatoa mafuta, alibakiwa na shilingi elfu nane kwa siku. Petroli ikapanda mara mbili mfululizo, zikabaki elfu mbili. Akataka kufunga.

Mpangaji wake, Mwalimu Danford kutoka Bara, alimweleza kuwa petroli yote huletwa kwa meli. Ikipanda huko inakonunuliwa, dola ikiwa ghali, au vita vikizifanya meli zizunguke mbali, anayelipa ni mnunuzi wa mwisho.

"Nikamwambia, mwalimu, vita vya watu miye sivijui. Vyenyewe vimenijuaje miye na mpunga wangu?"

Kupandisha bei hakutaka. Wateja wangerudi kwenye kinu.

"Miye nimetwanga tangu nina miaka minane. Simwombei mtu."

Akaweka siku mbili, Jumatatu na Alhamisi. Waje wote pamoja, mashine iwashwe mara moja tu.

Likazuka jengine. Mpunga wa mtu ukiisha, punje kidogo hubaki ndani ya mashine, zikatoka na wa anayefuata. Ummkulthum, mkulima wa jirani, akagoma.

"Nimlishe mume wangu cha mtu bila ridhaa ya mwenyewe? Hasha!"

Maneno yakawa mengi. Bi Rahila akasema: kila mtu kabla ya kumimina amgeukie wa nyuma yake amwambie, kitakachobaki ni halali yako. Ummkulthum akawa wa kwanza kutamka.

"Waliopata hasara ni kuku wangu," anacheka Bi Rahila. "Zamani mabaki yote yalikuwa yao."

Petroli anayotumia imepungua nusu. Sasa akigawa mapato ya wiki kwa siku zake zote, anabakiwa na elfu saba kwa siku.

Bi Mize anatokea, gunia kichwani.

"Mmenisengenya?"

"Kidogo tu, Bi Mize. Tuhalalishie!"

Kamba inavutwa, banda linanguruma.

Bi Rahila anataka mota ya umeme, isiyohitaji kuzunguka tupu ipate moto. Fundi amemtajia laki tisa, naye ana laki tatu.

"Na umeme nao ukipanda?" anauliza Ummkulthum.

"Tutakaa tena tufikiri. Lakini nikiipata, nitakoboa kila siku. Hata mwenye pishi moja asirudi na mpunga wake kichwani."